"Yupo mmoja hapohapo kwenu": nimechoka kuambiwa hivi!

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, nasema mapema. Anayetafuta kitu cha kutuliza roho apite tu, sitamlaumu.

Mdogo wangu wa kike alijifungua miezi minne iliyopita. Mtoto mzima, na mama kwa nje mzima. Kufika wiki ya tano akaanza kubadilika. Hapati usingizi hata mtoto akilala, anakaa kukodolea macho ukuta, na siku moja akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesema mvua inakuja, kwamba mtoto angekuwa na bahati zaidi kama angezaliwa na mtu mwingine. Nikampeleka hospitali ya mbali. Daktari alimsikiliza vizuri, akasema ni sonona ya baada ya kujifungua, akampa dawa, na kwenye karatasi akaandika aendelee na tiba ya mazungumzo kwa mtaalamu wa ustawi wa jamii wa kliniki "karibu na nyumbani".

Karibu na nyumbani! Mji wetu ni wa kujuana. Ukikohoa asubuhi, jioni unapewa pole. Nikapiga simu ofisi ya rufaa, dada aliyepokea akafurahi kabisa: "Mna bahati, yupo mmoja hapohapo kwenu." Akanitajia jina.

Ni shangazi yake shemeji. Shangazi wa damu wa mume wa mgonjwa.

Nikamweleza. Kimya kidogo, halafu: "Lakini huyo ni mtaalamu, siri atatunza." Sikatai, na huyo mama simsemi vibaya hata kidogo, kazi yake anaijua na watu wengi kawasaidia. Ila jamani, mdogo wangu akitaka kusema kwamba mama mkwe anamsimanga kutwa kuwa hajui kulea, atalisemea wapi? Mbele ya wifi yake huyohuyo mama mkwe? Na akitoka humo ndani, wikiendi wakakutana kwenye shughuli ya familia, amwangalie usoni vipi? Siri si kutosema kwa wengine tu. Kuna mambo ambayo hutaki hata anayeyatunza awe anayajua.

Nikaomba orodha ya wengine. Nikapewa majina manne. La kwanza, namba siku hizi ni ya fundi wa magari. Yule bwana ameshazoea kupigiwa na watu wanaolia, akaniambia taratibu, "Pole sana ndugu, aliyekuwa na namba hii alihama zamani." (Nakiri ndiye mtu aliyenijibu kwa utu kuliko wote wiki ile.) La pili ni mtu wa ustawi kweli, lakini kazi yake ni fomu za misaada na mafao. Kazi ya maana, ila tiba hafanyi na mwenyewe alisema hakusomea. La tatu hapokei wateja wapya. La nne anahudumia kwa simu, tatizo leseni yake inaishia mpakani na sisi tuko ng'ambo ya mpaka.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya mtu fulani ofisini, mji wetu una wataalamu watano. Hicho ndicho kinachonichoma. Tungekuwa hatuna kabisa, angalau pengo lingeonekana na mtu angeulizwa. Sasa tumehesabiwa kuwa tumehudumiwa.

Na kuna kitu kizito zaidi. Swali la kwanza la mdogo wangu halikuwa kuhusu shangazi. Aliniuliza, "Nikisema ninayoyawaza, watamchukua mtoto?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kwetu mtu anayekaa kukusikiliza ndiye huyohuyo anayetumwa kuchunguza nyumba zenye watoto wanaoteswa. Mahali pakubwa hao ni watu wawili, ofisi mbili, pengine hata hawajuani. Kwetu ni kofia mbili kichwa kimoja, na mgonjwa hajui leo imevaliwa ipi. Najua mtoto akiwa hatarini mtaalamu anapaswa kutoa taarifa, na sibishani na hilo. Lakini kuugua sonona si kumtesa mtoto! Mama mwenye mawazo mabaya anayeyaogopa mawazo yake ndiye hasa anayetakiwa aweze kuyatamka. Tumemjengea mazingira ambayo kunyamaza ndiko kunaonekana salama.

Nilipolalamika kwa mkubwa mmoja, akaniuliza, "Mji mdogo vile, kesi zenyewe ni ngapi?" Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wapatao 13 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwenye nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Hesabu mwenyewe watoto waliozaliwa mtaani kwako mwaka huu. Na hapo hatujagusa wafiwa, walevi, waliopigwa, na wanaouguza wazee.

Mwingine akasema watu wa ustawi ni wa kugawa misaada, tiba ni ya madaktari. Ndugu yangu, kazi hii iliingia hospitalini tangu 1905, pale Boston, Daktari Richard Cabot alipoona anawatibu watu halafu wanarudi kwenye maisha yaleyale yaliyowafanya waugue, akamleta muuguzi Garnet Pelton afuatilie hayo maisha. Na mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Jaffee na Redmond, ilisema mazungumzo ya mgonjwa na mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni akitoa tiba yanalindwa kama yale ya daktari wa akili na mwanasaikolojia. Yaani wenzetu walishamaliza ubishi huo, sisi bado tunauliza kama ni kazi.

Halafu lile la "mtazoea tu, mji mdogo ndivyo ulivyo". Mwongozo wa maadili wa NASW, chama cha wataalamu wa ustawi wa jamii cha Marekani, unajua kabisa kwamba kuna mahali uhusiano wa pande mbili, yaani mtaalamu wako kuwa pia ndugu au jirani yako, haukwepeki. Lakini unasema mzigo wa kuweka mipaka na kumlinda mteja ni wa mtaalamu. Si wa mama mwenye mtoto wa miezi minne ambaye hata kuchana nywele kunamshinda.

Tulichopata hatimaye: mama mmoja wa mji mwingine, kwa simu ya video. Nilimuuliza maswali ambayo sikujua kama yanaruhusiwa. Unaandika nini, na nani anasoma? Ni jambo gani litakufanya uvunje siri? Nani anakusimamia wewe kitaaluma? Tukikutana njiani utafanyaje? Alijibu yote bila kukasirika. La mwisho alisema hatamsalimia mdogo wangu mpaka yeye aanze, na asipoanza hatamuuliza kwa nini. Nilitulia hapo. Miezi miwili nilikuwa natafuta hiyo sentensi.

Ila nyumbani kuta ni nyembamba na mama mkwe yuko chumba cha pili. Basi kliniki yetu ni kiti cha nyuma cha gari langu. Kila Alhamisi naliegesha mahali penye mtandao, namwachia simu, nachukua mtoto na kuzunguka naye nje saa nzima. Watu wameshaanza kuuliza naegesha pale kumsubiri nani.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Wanaosema tumpeleke kwa viongozi wa dini, alishaenda, aliombewa, tunashukuru, na bado anahitaji tiba. Anayesema nimetangaza siri ya mdogo wangu: amesoma kila mstari kabla sijaweka, na ule wa kuchana nywele kaniambia nisiuondoe.

Kama humu kuna mtu wa ustawi anayefanya kazi mji mdogo, njoo useme mnafanyaje mteja akiwa ndugu. Mnabadilishana na wa mji jirani? Mnaye wa kumrushia? Au na nyie mmeachwa peke yenu kama sisi?

Matusi sitajibu.