Tuzo za utafiti wa usalama wa chakula: niombe kabla sijamaliza kupima?

Mwanafunzi_Moro:
Ndugu zangu, salaam. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula hapa Morogoro, na utafiti wangu unahusu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, katika mahindi ya soko la Kibaigwa, Dodoma. Msimamizi wangu amenishauri niingie shindano la wanasayansi chipukizi kwenye mkutano wa mwaka wa Chama cha Kimataifa cha Ulinzi wa Chakula (IAFP), chenye makao Des Moines, Marekani. Nusu ya sampuli bado sijazipima. Je, niandike ikisiri (muhtasari wa utafiti) sasa na kuahidi matokeo yaliyobaki? Na nauli hulipwa na nani?

Mpimaji:
Usiahidi chochote. Ikisiri inayosema kwamba matokeo yatajadiliwa mkutanoni huishia kukataliwa. Andika ulichokwisha kupima, kwa tarakimu, ukikilinganisha na kikomo cha Afrika Mashariki, yaani mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote (ndiyo sumukuvu yenyewe) na 5 kwa aina ya B1 peke yake. Hata hivyo, mimi ningekuwa jaji ningekuuliza kwanza juu ya sampuli, kwa kuwa sumu hii haienei sawasawa: punje chache zilizoshikwa na kuvu zaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia zima, na bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka guniani, likichomwa mahali pamoja tu linaweza kuzikosa kabisa. Eleza ulichoma wapi na wapi, na kama ulisaga sampuli yote kabla ya kuigawa. Mashine ya maabara, hata iwe ya bei gani, haiwezi kurekebisha sampuli mbovu.

Mwanafunzi_Moro:
Ahsante sana. Sampuli zote zilisagwa kwanza. Je, nifungue ikisiri kwa vifo vya sumukuvu vya mwaka 2016?

Mama_Maabara:
Sentensi moja inatosha, mwanangu: watu 68 waliugua Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Majaji wengi wanajua pia yaliyotokea Kenya mwaka 2004, walipofariki watu 125, kwa hiyo usitumie nafasi kuwashawishi kwamba tatizo lipo, bali waoneshe wewe umegundua nini.

Kuhusu nauli, kuchaguliwa kushindana si kulipiwa safari. Chama hicho kina ufadhili wa safari kwa wanafunzi, nao huombwa kando, kwa fomu yake. Omba vyote viwili, na uulizie mapema tarehe za usaili wa viza Dar es Salaam, maana mkutano kwa kawaida hufanyika Julai.