Msimamizi wangu hataji rangi ya mtu, ila maneno yake nimeanza kuyaelewa. Naombeni ushauri

Mja_Ughaibuni

Habari zenu wakuu. Niko Marekani, nafanya kazi kwenye ofisi inayosimamia nyumba za kupanga. Napokea simu, napanga miadi ya kuona nyumba, natunza mafaili ya waombaji.

Msimamizi wangu hajawahi kutamka neno "mweusi" mbele yangu. Husema tu, "huyu hataendana na jengo," au "tunataka watu watulivu." Mwanzoni niliona ni lugha ya biashara. Lakini mafaili napanga mimi, na walioandikiwa "haendani" karibu wote ni weusi. Wapo wenye kipato kizuri kuliko waliopewa funguo. Juzi alipiga mama mmoja mwenye lafudhi ya Wamarekani weusi, nikaagizwa nimwambie nyumba imeshachukuliwa. Mchana huohuo kijana wa kizungu akapelekwa kuiona nyumba ileile.

Halafu mimi ananisifia: "Wewe si kama wao, unaongea vizuri." Wenzangu wazungu sijasikia hata mmoja akisifiwa kwa kuongea vizuri.

Nikihoji atasema ametumia maneno ya kawaida, na kweli ni ya kawaida. Nifanyeje?

Kibarua_Chema

Pole dada. Ushauri wangu, tulia. Uko ugenini, una watu wanaokutegemea. Nyumba si zako na waombaji si ndugu zako. Tafuta kazi nyingine taratibu, ukipata uondoke salama.

BintiMshamba

Kutafuta kazi nyingine naunga mkono, kutulia hapana. Aliyemwambia yule mama nyumba imechukuliwa ni nani? Sauti ni ya dada yetu. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inakataza waziwazi kumdanganya mtu kwamba nyumba haipo kwa sababu ya rangi yake. Hapo hatuhitaji hata kubishana neno "haendani" lina maana gani.

Kuna kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1982, Havens Realty dhidi ya Coleman. Wapimaji wawili, yaani watu wanaojifanya wapangaji ili kuona kama kuna ubaguzi, mmoja mweusi na mmoja mzungu, waliulizia nyumba kwa kampuni moja huko Virginia. Mweusi aliambiwa hakuna, mzungu akaambiwa zipo. Mahakama ikasema yule mpimaji mweusi ana haki ya kushtaki hata kama hakuwa na nia ya kupanga, kwa sababu alinyimwa taarifa ya kweli. Huoni ni simu yako ya juzi ileile?

Mzee_wa_Kumbukumbu

Hilo "haendani" lina ukoo mrefu, mwanangu. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba, HOLC, lilichora ramani za miji na kupaka mitaa rangi: kijani ndiyo bora, nyekundu ndiyo hatari. Fomu zake zilikuwa na mahali pa kuandika kama weusi wapo mtaani. Mwongozo wa mamlaka ya bima ya mikopo ya nyumba, FHA, nao ulimtaka mthamini aangalie kama mtaa umekaribiana na makundi ya rangi "yasiyopatana". Wakati ule walijaza mchana kweupe. Sheria ilipokataza, fomu ikabadilika, hukumu ikabaki kwenye ulimi.

Kwenye siasa ni hivyohivyo. Lee Atwater, mshauri wa kampeni za Republican, alieleza katika mahojiano ya mwaka 1981: mwaka 1954 mwanasiasa wa kusini alitamka tusi la rangi bila woga, kufikia 1968 tusi lilikuwa linamgharimu kura, basi wakahamia kwenye "haki za majimbo" (majimbo yajiamulie mambo yao bila serikali kuu) na kupinga mabasi ya kuchanganya wanafunzi weusi na wazungu shuleni, kisha kwenye kupunguza kodi. Msikilizaji aliyelengwa alielewa, na msemaji akabaki na pa kujitetea.

Wakili_Mtaani

Mimi nitahadharishe kidogo. "Watulivu" mara nyingine ni watulivu kweli, watu wamechoshwa na kelele. Neno peke yake usilihukumu. Tazama linamwangukia nani na linamruka nani. Mzungu mwenye malalamiko ya kelele kutoka alikotoka, naye aliandikiwa "haendani"?

Ila msimamizi akikwambia neno la kawaida halina kesi, usikubali. Mwaka 2006, katika kesi ya Ash dhidi ya Tyson Foods, wafanyakazi wawili weusi wa Alabama walilalamika kwamba meneja aliwaita "boy", yaani "kijana mdogo", neno ambalo zamani wazungu walilitumia kuwadharau wanaume weusi watu wazima. Mahakama ya rufaa ilisema neno hilo bila kutaja rangi si ushahidi. Mahakama ya Juu ikakataa: maana inategemea mazingira, sauti, desturi ya mahali na historia ya neno.

Cha kufanya: usimwite mbaguzi, mtaishia kubishana kuhusu moyo wake. Akisema "haendani", muulize kwa upole, "Niandike sababu gani kwenye faili? Kipato, rekodi ya kulipa mikopo, au barua ya mwenye nyumba wa zamani?" Muulize kwa barua pepe ya kazini, ili jibu libaki. Tarehe na maneno yake yaandike kwenye daftari lako nyumbani. Mafaili ya wateja usiyatoe ofisini wala kuyapiga picha kabla hujaongea na wakili.

Mja_Ughaibuni

Asanteni sana. Simu ya yule mama ndiyo inanikosesha usingizi. Nikipeleka malalamiko watanifukuza?

Wakili_Mtaani

Wanaweza kujaribu, sikufichi. Lakini sheria hiyohiyo inakataza kumtisha au kumwadhibu mtu kwa sababu amemsaidia mwingine kudai haki yake ya makazi. Malalamiko kwa wizara ya makazi, HUD, yanapokelewa ndani ya mwaka 1 tangu tukio. Anza na shirika la makazi ya haki la eneo lako, uwaeleze kuhusu simu ile. Wao wanaweza kutuma wapimaji wao, na ushahidi hautatoka kwako peke yako.

BintiMshamba

Na keshokutwa ukiagizwa tena useme nyumba imechukuliwa wakati ipo, mwambie hiyo simu aipokee mwenyewe.