Redio ya babu ya valvu, nimeitengenezea umeme lakini inakwaruza, nimekosea wapi?

mtoto_wa_ngamiani
Habari zenu wakuu. Niko Tanga, Ngamiani. Nina redio ya marehemu babu, alikuwa akisikilizia kambini enzi za mkonge, ni ya valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) zinazotumia betri, DK96, DF96, DAF96 na DL96, jina la redio limefutika kabisa. Betri yake ya volti 90 siku hizi huipati hata ukizunguka barabara zote ishirini na moja, sasa nikaamua nitengeneze pawasaplai mwenyewe. Nimechukua transfoma ya 230 kwenda 12, nikageuza nyingine ya 24 nikaingiza hizo 12 upande wa 24, huku nyuma zikatoka kama 110, nikapitisha kwenye dayodi nne na kapasita moja nikapata 150 za DC, nikaweka rezista ya 4.7k kuzishusha. Za filamenti (nyuzi za kupasha valvu) nimetoa kwenye ile 12 ya kwanza, LM317 (kidude cha kushusha volti) imeseti 1.4. Hasi zote mbili nimeziunga pamoja kama kawaida.
Redio inawaka jamani! Ila inavuma kama nyuki, sauti nayo inakwaruza hata ukiifungulia kidogo tu, na ile volti ya juu inashuka hadi 68. LM317 yenyewe ukiigusa unaunguza kidole. Nimebadilisha spika wapi, ni vilevile.

tochi_ya_mawe
Mkuu unajitesa. Nunua betri za mraba za volti 9, kumi, zipange kwa mfululizo unapata 90 yako, filamenti weka jiwe moja kubwa la tochi. Haivumi, haikupigi shoti ya ukutani, na umeme ukikatika mtaa mzima wewe unasikiliza taarifa ya habari.

mtoto_wa_ngamiani
Kumi kaka? Hiyo hela ya mboga ya wiki.

fundi_mstaafu
Mjukuu wangu, hapo kwenye "kama kawaida" ndo umejiangusha. Kwenye redio nyingi za aina hii hasi ya volti 90 haigusi chasisi (bodi la chuma la redio) moja kwa moja, inapita kwanza kwenye rezista ndogo ya ohmu mia kadhaa, na volti chache zinazobaki pale ndo zinaipa gridi ya DL96 (mlango unaobana umeme kwenye hiyo valvu ya kusukuma spika) ule uhasi wake. Wewe ulivyoziunga huko nje umeiruka ile rezista, DL96 inakunywa umeme bila breki. Hesabu yako mwenyewe inasema: 150 toa 68 ni 82, gawa kwa 4700, ni kama miliampia 17, na redio ya ukoo huu inatakiwa izunguke kwenye 10 au 12 hivi. Tenganisha hizo hasi, acha redio yenyewe izikutanishe ndani.
Kuvuma, kapasita moja haitoshi. Gawa ile rezista mbili za 2.2k, katikati weka kapasita na mwisho weka nyingine, 47 maikro za volti 250. Halafu funga rezista ya 100k sambamba na hiyo ya mwisho, maana ukizima ile kapasita inabaki na moto na wewe utaingiza mkono, nawajua vijana.
LM317 lazima ichemke. Volti 16 zinaingia, 1.4 zinatoka, na valvu zako zinakula miliampia 125 (25 mara tatu, DL96 peke yake 50), karibu wati mbili zote zinaishia pale. Ipe bati la kupoozea au tafuta transfoma ndogo ya volti 6 iwe ya filamenti tu.
Na kabla hujachomeka chochote, pima. Mimi niliwahi kugeuza waya, 90 ikaingia kwenye filamenti, valvu nne zikafa hata "pu" sikusikia. Ndo maana plagi za betri za zamani pini zake hazilingani.

baharia_raskazone
Na asije mtu akakwambia uache transfoma uweke kapasita tu moja kwa moja kutoka ukutani. Chasisi yote inakuwa na moto, unagusa skrubu ya nobu unaondoka. Chaja ya simu pia usijaribu kwa filamenti, kwenye mediamu wevu itajaza mlio wa chenga stesheni zote.

mtoto_wa_ngamiani
Shikamoo babu fundi! Nimetenganisha, volti imepanda ikasimama 93, kukwaruza kwisha. Kapasita nimeongeza, kuvuma kumebaki kidogo sana mpaka uweke sikio. Jana saa tano usiku nimeshika Waarabu watatu, bibi katoka chumbani anauliza nani kafungulia redio ya mzee.
Sasa uzi wa kuvuta mshale wa stesheni umekatika, nitumie mshipi wa kuvulia?

fundi_mstaafu
Marahaba. Mshipi wa nailoni unateleza na unarefuka. Nenda kwa fundi viatu, mwombe uzi wake ule mwembamba wa kusuka, zungusha mara mbili kwenye gurudumu.