Anar ya Mdou Moctar: sauti ya roboti ni faili mbovu au ndivyo ilivyorekodiwa?

kinanda_kibovu
Wasee, habari za jioni. Swali ni kuhusu Anar, albamu ya Mdou Moctar, mpiga gitaa Mtuareg (watu wa jangwa la Sahara) kutoka Niger, ile ya 2008, si hizi za juzi za bendi nzima. Nakala iliyopo ni MP3 za kilobiti 128. Kuna mambo matatu yanatatiza. Sauti ya kuimba inarukaruka kama roboti. Matoazi ya mashine yana mchakacho, kama mtu anapepeta mchele karibu na maiki. Halafu ukiiweka kwenye wufa, gitaa linazama kabisa, unabaki na dundo tu.

Nikitafuta santuri au faili kubwa zaidi, haya yatapona? Na kwa wanaoijua vizuri: hii albamu ni nzuri yenyewe, au inasifiwa kwa sababu ni kioja cha jangwani?

FundiSauti_Umoja
Tenganisha hayo matatu, kila moja lina chanzo chake. Ukiyachanganya utatibu goti kwa dawa ya jino.

Roboti ni Auto-Tune, programu ya kurekebisha noti za mwimbaji, na iliwekwa kusudi. Albamu ilirekodiwa Sokoto, kaskazini mwa Nigeria, ambako studio za nyimbo za Kihausa zilikuwa zimeshazoea Auto-Tune na ngoma za mashine. Mdou alitoka Niger, akaingia studio ya aina hiyo na gitaa la Kituareg, akaimba kwa Kitamasheq, lugha ya Watuareg. Kioja chote kinatokea hapo.

Programu inafanya kazi hivi: inasikiliza noti inayoimbwa, inatafuta noti iliyo karibu katika skeli (seti ya noti) iliyochaguliwa, inaivuta hadi pale. Kasi ya kuvuta hupimwa kwa milisekunde. Ikiwa 30 au 40, wengi hawagundui kitu. Ikiwa 0, sauti haitelezi tena, inapanda ngazi. Na uimbaji wa Kituareg ni wa kuteleza: neno moja linaweza kushuka noti tatu kabla pumzi haijaisha. Fungua programu yoyote ya aina hiyo, weka kasi 0, imba "aaa" polepole kutoka noti moja hadi ya tano juu yake. Bila programu ni mteremko wa udongo, ukiiwasha ni ngazi za ghorofa, na kila ngazi ina ukingo unaokata sikioni. Ukingo huo ndio unaousikia kwenye Anar. Hakuna santuri wala FLAC (faili isiyotupa kitu cha sauti) itakayouondoa.

Mchakacho wa matoazi, huo ndio wa faili. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukata kila kitu kuanzia kilohezi 16 hivi, na chini ya hapo inagawa biti kwa ubahili. Gitaa na sauti ya mtu zinavumilia. Matoazi na makofi hayavumilii, kwa sababu ni kelele tupu isiyo na noti, na programu ya kubana haijui itupe nini. Nakala bora itasaidia hapa, na hapa tu.

La wufa ni la chumba chako. Hizo seti za spika mbili na wufa moja zinazouzwa Luthuli, Nairobi, huwa na kitufe cha besi nyuma au pembeni, na wengi hukiacha juu kabisa. Kirudishe hadi theluthi. Wufa ikiwa imebanwa kwenye pembe ya ukuta, ivute sentimita 50 au 60, maana pembe inaongeza besi bure. Kama una ikwalaiza, punguza desibeli 3 kwenye hezi 200 hadi 250. Ukitaka gitaa lisogee mbele, ongeza 1 au 2 kwenye hezi 2,000, usipite hapo. Ukigusa hezi 3,000 na kwenda juu utakuwa unaongeza zile kingo za Auto-Tune, na baada ya nyimbo tatu masikio yatakuwa yamechoka.

memori_kadi
Nyongeza kuhusu faili, kwa sababu kuna uongo unaozunguka sana: ati nyimbo hizi ni mbovu kwa kuwa zilinakiliwa simu hadi simu mara elfu. Kunakili faili hakupunguzi kitu. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, biti kwa biti. Kinachoharibu ni kubana upya: kuvuta wimbo kutoka video ya mtandaoni na kuugeuza MP3, kisha mwingine kuuweka tena kama video, mwingine kuuvuta tena. Kila mzunguko unatupa kitu. Ukitumiwa wimbo kwa WhatsApp, mwombe mtu autume kama dokumenti, si kama video.

Historia yake inaelezea kwa nini kilobiti 128 zilitosha. Miaka hiyo sehemu kubwa ya Sahara hakukuwa na intaneti ya maana, nyimbo zilihama kwa memori kadi na Bluetooth. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 128 ni kama MB 3.8. Kadi ya GB 1 inabeba nyimbo 260 hivi. Ukipandisha hadi kilobiti 320, kadi hiyo hiyo inabeba 100 na kitu, na muda wa kutuma kwa Bluetooth unazidi mara mbili na nusu. Mtu anayetuma wimbo kwa mwenzake kabla gari halijaondoka angechagua nini?

Hivyo ndivyo Anar ilivyosambaa, bila duka. Mmarekani Christopher Kirkley wa lebo ya Sahel Sounds alikusanya nyimbo kutoka kwenye kadi za namna hiyo, akatoa mkusanyiko wa Music from Saharan Cellphones. "Tahoultine" ya Mdou ilikuwa ndani. Ndipo watu wa nje wakaanza kuuliza huyu ni nani. Anar yenyewe ilitolewa kwa santuri na lebo hiyo 2014, miaka 6 baadaye.

Jambo moja zaidi. Spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya hezi 400 hivi, na wasikilizaji wengi wa kwanza wa albamu hii waliisikia kwa spika ya simu. Weka simu ndani ya bakuli la udongo au sufuria tupu, usikilize wimbo mmoja. Gitaa na sauti vinakaa mahali pake mara moja. Halafu rudi kwenye wufa yako ukiwa unajua unatafuta nini.

benga_kwanza
Mimi nitakuwa yule mbaya wa mkutano. Auto-Tune sina ugomvi nayo. Ugomvi ni ngoma. Mashine haipumui. Nyimbo nyingi za gitaa za Watuareg zinasimama juu ya mwendo wa tende, ile ngoma ya kinu kilichofunikwa ngozi ya mbuzi, ambayo hupigwa na wanawake huku wengine wakipiga makofi. Mwendo wake mara nyingi ni wa mapigo sita, na raha iko kwenye makofi yanayochelewa kidogo, kila mkono na ucheleweshaji wake. Mashine inapiga palepale, nguvu ileile, kutoka mwanzo hadi mwisho. Gitaa linajaribu kuisukuma, inakataa kusukumwa.

Sikio la benga linaumia zaidi. Kwenye benga, wimbo ukifika sehemu ya gitaa kukimbia, besi na ngoma zinaongezewa moto pamoja nalo. Ndiyo maana watu husubiri dakika hiyo kwenye ukumbi. Kwenye Anar gitaa linakimbia peke yake, ngoma imekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwisho: nyimbo ni nzuri, rekodi ni kioja. Anayetaka nyimbo aende Ilana (The Creator) ya 2019, iliyorekodiwa Detroit na bendi kamili: Ahmoudou Madassane kwenye gitaa la pili, Mikey Coltun kwenye besi. Pale ngoma inajibu.

FundiSauti_Umoja
@benga_kwanza la ngoma nakubali nusu. Mashine kukaa palepale ndiko kunakofanya ile sauti ya ngazi ieleweke. Ungeweka mpigaji ngoma anayeyumba chini ya Auto-Tune ya kasi 0, ingeonekana kama makosa mawili. Hapa kila kitu kigumu kimekaa upande mmoja, na gitaa, ambalo halikurekebishwa na mtu, limekaa upande wa pili. Ndilo pekee linaloteleza. Sikiliza tena ukifuata gitaa tu, uisahau sauti.

Albamu hii ina wazo, hata kama kwako wazo lenyewe halipendezi.

benga_kwanza
Wazo nimelisikia. Bado ngoma imekaa kwenye kiti.

nyuzi_sita
Swali dogo kwa Fundi. Tunajaribu kutengeneza wimbo wa namna hii, gitaa na sauti ya Kiswahili. Tukiweka kasi 0 sauti inatetemeka vibaya kwenye noti fulani, kama mbuzi. Kwenye Anar haitetemeki hivyo. Tatizo ni nini?

FundiSauti_Umoja
Karibu hakika mmeacha skeli ikiwa na noti zote 12. Mwimbaji akikaa katikati ya noti mbili jirani, programu haijui imvute wapi, inamrusha huku na huku mara nyingi kwa sekunde. Huyo ndiye mbuzi wenu. Muziki huu mwingi unatembea kwenye noti tano. Tafuteni hizo tano kwenye gitaa kwanza, mzime saba zilizobaki. Nafasi kati ya noti ikiwa pana, mwimbaji hakai katikati kirahisi, sauti inaruka mara moja na kutulia.

Sababu ya pili ni gitaa kuvuja kwenye maiki ya sauti. Programu inataka noti moja kwa wakati. Ikisikia gitaa nyuma inafuata gitaa. Rekodini gitaa kwanza, kisha sauti peke yake, mwimbaji avae hedifoni zinazofunika sikio, maiki iwe umbali wa shubiri moja.

Na mwangwi uwekwe baada ya Auto-Tune, kamwe si kabla. Ukiuweka kabla, programu inajaribu kurekebisha hadi mkia wa mwangwi.

Upande wa gitaa: Mdou anapiga kwa mkono wa kushoto na hatumii kidoko (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi), ni vidole tu. Kidole gumba kinashikilia uzi mnene ulio wazi ukivuma chini muda wote, vingine vinaimba juu. Ukitumia kidoko utapata sauti kali zaidi lakini mvumo utakatika kila unapohama uzi, na bila mvumo hakuna jangwa hapo.

dada_santuri
Kuhusu kununua santuri: kwenye vibanda vya Kenyatta Market, Nairobi, utapata benga, rumba na soul za zamani kwa wingi, ila hii utaagiza nje. Kabla ya kulipa, piga hesabu ya usafiri na forodha, na VAT ya 16%, maana sahani moja ikija peke yake nauli inaweza kulingana na bei yake. Agizeni watu watatu au wanne pamoja.

Ikifika, usitegemee muujiza. Santuri haiongezi kitu ambacho studio haikurekodi. Na kama sindano yako ni ile ya bei ya chini inayokuja na pleya za mkoba, herufi "s" zitachanika hasa nyimbo za mwisho wa upande, kwa sababu karibu na kati mfereji unapita chini ya sindano polepole zaidi na sauti za juu zinabanana. Sauti yenye Auto-Tune ina kingo nyingi za juu, itaumia kabla ya gitaa. Kwa pleya ya aina hiyo, bora ununue faili moja kwa moja kwa lebo, tena pesa zinafika.

Ukishapata faili, ifungue kwa Spek, programu ya bure inayochora sauti kama picha. Ukiona rangi zimekatwa mstari mnyoofu kwenye kilohezi 16 na faili inajiita FLAC, jua ilipita kwenye MP3 mahali fulani kabla ya kuvaa suti.

kinanda_kibovu
Asanteni. Besi imerudishwa theluthi, wufa imetolewa pembeni, gitaa limetoka shimoni. Ya sufuria pia imefanya kazi, ila chagua sufuria nzito, ile nyepesi ya alumini inalia pamoja na wimbo. Spek inaonyesha ukuta kwenye 16, kama ilivyotarajiwa kwa MP3 ya 128, kwa hiyo faili mpya zinatafutwa.

Kwa anayependa upande wa mashine kuliko gitaa, aende wapi kutoka hapa?

memori_kadi
Mammane Sani, La Musique Electronique du Niger. Ni kinanda cha umeme na mashine ya mapigo, ya mwaka 1978, haina haraka hata kidogo, ichezwe usiku. Kisha Hama, Houmeissa ya 2019, nyimbo za jangwani zilizohamishiwa kwenye sinthi (kinanda cha kielektroniki), hakuna gitaa. Hiyo ya pili ndiyo pekee kwenye uzi huu ambayo unaruhusiwa kurudisha besi juu.

benga_kwanza
Na anayetaka ngoma ya mtu mwenye damu: bendi ya Etran de L'Aïr, albamu ya Agadez, 2022. Ndugu wa familia moja, magitaa matatu yanagombana. Sufuria haihitajiki.