Mrejesho: Shule ya wavulana kwa kijana wangu

Hamjambo wote. Mwaka jana, kabla kijana wangu hajachagua zile shule 12 za Gredi ya 10 (mwanzo wa sekondari ya juu), niliwauliza nizipimeje shule kubwa za wavulana huku magharibi mwa Kenya. Yeye alitaka Shule ya Maseno tu, maana babu yake alimjaza hadithi za Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, kusoma pale.

Aliyeniambia niende siku ya kazi bila kupiga simu, Mungu akubariki. Kwenye shule moja niliyoipenda kwa wastani wake wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), maktaba ilikuwa na kufuli lililozungukwa na utando wa buibui. Nikauliza vijana watatu kwenye foleni ya githeri waliingia maabara lini mara ya mwisho. Wakatazamana, wakacheka. Tukaifuta. Na wewe uliyesema wastani mkubwa si ajabu kwa shule inayochagua wenye alama za juu tangu mwanzo, sasa nimekuelewa.

Kuomba orodha ya walimu wa kila somo hakukufua dafu: karani alitaka niandike barua, na mpaka leo sijajibiwa. Karo nayo nilikosea mwenyewe. Nilitenga ile shilingi 53,554 ya shule za kitaifa, nikasahau godoro, sanduku na sare.

Maseno hatukupata. Amepangiwa chaguo letu la nne, ila mkondo wa sayansi alioutamani kaupata. Juzi nilipomtembelea nilimkuta amekonda kidogo, ana doa la asidi kwenye mkono wa sweta, na analionyesha kila mtu. Asanteni sana.