Nimelipia onyesho zima, nimepewa utungo uliopasuliwa vipande viwili

Ndugu wadau wa muziki,

Nimekaa wiki tatu nikitarajia hasira zitapoa, na hazijapoa. Nilinunua albamu ya tamasha ya bendi moja ya roki ya progresivu (roki ya tungo ndefu zenye sehemu nyingi) ambayo nimeifuatilia tangu ujana wangu, nikailipia hata kabla haijatoka, kwa sababu tangazo lake lilitamka waziwazi kuwa ni onyesho zima lisilokatwa. Nilichopokea ni diski mbili ambamo utungo mkuu wa usiku ule, wenye sehemu sita na dakika 23, umepasuliwa katikati: sehemu tatu za mwanzo zinafunga diski ya kwanza, na tatu zilizosalia zinafungua ya pili.

Naomba nieleze kinachosikika hapo, maana asiyeisikia anaweza kudhani nalalamikia jambo dogo. Mwishoni mwa sehemu ya tatu dramu zinanyamaza, gitaa linaondoka, na mpiga kinanda anabaki peke yake akiendeleza sauti moja ndefu ya melotroni, kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye kanda. Ukumbi wote umetulia. Mtu mmoja tu, upande wa kushoto, anapiga mbinja. Anayeujua utungo huu anajua kwamba sauti hiyo haipaswi kukatika hadi besi iingie katika mapigo saba, kwani dakika kumi na mbili zote zilizotangulia zilikuwa zinatupeleka pale. Kwenye albamu hii, pale pale ndipo sauti inapoanza kufifia. Melotroni inazama, ukumbi unatoweka, kisha kimya. Unainuka kitini, unabadilisha diski, unabonyeza kitufe, na melotroni ile ile inapanda tena taratibu kana kwamba bendi ilikwenda kunywa chai. Mbinja nayo inasikika tena. Mwanzoni nilidhani yule bwana alipiga mbinja mara mbili.

Niliwaandikia wauzaji, nao wakanijibu kwa sentensi mbili kwamba mgawanyo huo ulitokana na "ukomo wa nafasi kwenye diski". Basi nilikaa na kalamu nikahesabu. CD hubeba takriban dakika 80. Diski ya kwanza, pamoja na zile sehemu tatu za mwanzo, ina dakika 64, na sehemu tatu zilizohamishiwa ya pili zina dakika 11. Jumla ni dakika 75. Utungo wote ungeenea kwenye diski ya kwanza na nafasi ikabaki. Sasa ni ukomo gani huo wanaouzungumzia?

Kisingizio cha nafasi kiliwahi kuwa cha kweli, na sina ugomvi na waliokitumia enzi hizo. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika ishirini na kitu, na ukizidisha sana dakika hizo, sauti ilidhoofika. Emerson, Lake & Palmer walipotoa albamu ya Brain Salad Surgery mwaka 1973, Karn Evil 9, utungo mmoja wa albamu hiyo, ilikuwa na takriban nusu saa, hivyo haikuwezekana kabisa ikae upande mmoja; ikalazimika kuanzia mwishoni mwa upande wa kwanza na kuendelea upande wa pili. Ulikuwa ni mpaka wa plastiki yenyewe. Lakini tazama Genesis walivyofanya kwenye Seconds Out ya mwaka 1977, ambayo ni albamu ya tamasha ya santuri mbili: Supper's Ready, yenye zaidi ya dakika 24, ilipewa upande wa tatu wote peke yake, ili msikilizaji asiinuke hadi utungo umalizike. Watu waliobanwa na santuri walijua mahali pa kukata na mahali pa kutogusa. Hawa wetu, wenye nafasi ya kumwaga, hawajui.

Kuna atakayeniambia ninunue mafaili badala ya diski. Nimeyanunua pia, na huko ndiko nilikochoka zaidi. Yamekuja katika MP3, kila sehemu ya utungo ikiwa faili lake, na kati ya faili na faili kuna mkato mfupi wa kimya, kama mtu anayekwama kwenye neno. Chanzo cha mkato huo kinajulikana miaka mingi: MP3 hufunga sauti katika vifungu vya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1152, kwa hiyo wimbo usiogawanyika sawasawa katika vifungu hivyo hujazwa kimya ili kifungu cha mwisho kitimie, na mwanzoni pia huongezwa kimya kidogo. Dawa yake nayo inajulikana: ama faili lihifadhi taarifa ya kiasi cha kimya kilichoongezwa ili programu ya kuchezea ikiruke, ama utungo wote uwekwe katika faili moja. Programu ninayoitumia huunganisha albamu zangu nyingine za matamasha bila kasoro yoyote, lakini nilipouliza niliambiwa tatizo ni programu yangu.

Albamu hii ina pia sauti za waitikiaji zilizoongezwa studio baadaye; hapo nitapita haraka, maana jambo hilo si geni wala si dhambi likisemwa. Bendi ya King Crimson walipotoa albamu ya tamasha iitwayo USA mwaka 1975, sehemu kadhaa za fidla na kinanda zilirekodiwa upya na Eddie Jobson, ambaye hakuwapo jukwaani, na jina lake likaandikwa kwenye jalada. Bendi hiyo hiyo mwaka 1972 ilitoa Earthbound, iliyonaswa kwenye kaseti, na sauti yake ni mbaya hadi leo. Hata hivyo naisikiliza, kwa sababu ubaya wake ni wa usiku ule wenyewe. Ninachokataa ni kuambiwa "bila kukatwa" huku mwimbaji akisikika akijiitikia mwenyewe kwa sauti tatu.

Nirudi kwenye ile mbinja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Jumamosi iliyopita niliingiza diski zote mbili kwenye kompyuta, nikapanga mwisho wa ya kwanza chini ya mwanzo wa ya pili, na kutazama michoro ya mawimbi ya sauti. Mbinja ni moja. Ina umbo lile lile, na kikohozi kile kile kinaifuata baada ya muda ule ule. Maana yake ni kwamba kipande hicho kimewekwa kwenye diski zote mbili, kwamba kanda ya tamasha haina pengo lolote mahali hapo, na kwamba kuna mtu aliyekuwa na utungo mzima mikononi mwake akaamua kuufifisha, kisha akarudi nyuma sekunde tisa na kuupandisha upya. Niliziondoa sekunde hizo, nikapandisha sauti iliyoshushwa, nikaunganisha ncha mbili. Kazi yote ilinichukua dakika arobaini, nami si mhandisi wa sauti. Besi iliingia mahali pake.

Nimewaandikia tena, nikiambatanisha mchoro na hesabu ya dakika, nikidai mambo mawili: diski ya kwanza itolewe upya ikiwa na utungo wote, na wanunuzi wa mafaili wapewe faili moja lisilo na mkato. Hadi leo sijajibiwa. Kama kuna mwenzangu aliyelalamika akapewa maelezo tofauti na yale ya "ukomo wa nafasi", naomba ayaweke hapa kama alivyoyapokea.