Darasani nafaulu, wodini natumwa tu: nifanyeje niive kabla ya kumaliza chuo?

Mkunga_Mtarajiwa

Habari za muda huu wakuu. Nasoma uuguzi na ukunga, nipo mwaka wa pili. Mitihani ya maandishi hainisumbui, alama zangu ni nzuri. Shida yangu ni vitendo.

Tukipangwa wodini tunakuwa wengi kuliko wagonjwa. Masista wa kutuelekeza ni wachache na zamu imewaelemea, kwa hiyo siku inaisha nikipima presha na joto, nikipeleka sampuli maabara na kutandika vitanda. Leba ndiyo kabisa. Mama akianza kusukuma tunajipanga ukutani kundi zima, anayeshika ni mmoja. Wiki ikiisha daftari la vitendo linatakiwa liwe na sahihi, na wapo wanaotuambia "lete nikusainie, na sisi tulisainiwa hivyohivyo". Wenzangu wengi wameshajaza. La kwangu lina nafasi nyingi zilizo wazi.

Halafu tunachofundishwa na tunachokikuta havifanani. Chuoni tumeambiwa uchungu uliokolea unahesabiwa kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5. Wodini fomu iliyopo ni partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inayoanzia 4. Nikiuliza najibiwa mambo ya darasani niyaache darasani.

Naombeni ushauri. Nikubali kusainiwa? Na mtu anaivaje katika mazingira kama haya? Nikifikiria siku nitakapoachiwa wodi usiku peke yangu, usingizi unakata.

Bibi_Zamu

Mwanangu, nimefanya kazi hii mpaka nimestaafu, nikujibu kwa ukweli. Naanza na hilo la kutumwa, maana vijana mnalidharau.

Niambie, mgonjwa ukimpima unahesabu pumzi zake dakika nzima? Au unaandika 20 kama wenzako? Nimepitia mafaili wodi nzima, kila kitanda kinapumua mara 20, aliyelazwa kwa nimonia na anayesubiri kuruhusiwa. Na pumzi ndiyo mara nyingi inayotangulia kukuambia mgonjwa anabadilika, presha inakuja kushuka baadaye hali ikiwa imeshaharibika. Presha mashine inakupa. Pumzi inataka usimame, utulie, umtazame mtu kifua kinavyopanda na kushuka. Ukiwa umesimama hapo utaona na mengine: midomo, jasho, anavyokujibu, kama ameshindwa kumaliza sentensi.

Kwa hiyo ukitumwa kupima, kabla hujafunga mashine mkononi mwa mgonjwa mwangalie na ukisie utakuta nini. Ukishapima jiulize namba hizi zina maana gani kwa huyu na zilikuwaje asubuhi. Mwaka mmoja wa hivyo, utamjua mgonjwa anayezidiwa kutoka mlangoni.

Kusaini kazi isiyofanyika mimi sikuwahi, na wewe usipokee.

Fundi_Nyaya

Mimi ni fundi umeme nimepita tu kusoma, ila hiyo ya kila kitanda kupumua mara 20 imenitoa jasho. Siku nikilazwa nitajihesabia mwenyewe.

Tobo_la_Sindano

Bibi shikamoo. Nakuheshimu ila tusimpoteze kijana. Kupima pumzi kutamfundisha kuona, hakutamfundisha kuzalisha. Mikono inajifunza kwa kushika. Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya 2005 wameandika wazi: mwanafunzi wa ukunga azalishe mwenyewe angalau akina mama 40, na kama hawapatikani wasipungue 30 huku akisaidia wengine 20. Hiyo ndiyo shule. Sasa huyu anasimama ukutani, ataivaje?

Ushauri wangu: omba zamu za usiku na wikendi. Wanafunzi hupungua, wenye kelele hulala, na sista wa usiku akikuona unajituma atakuita mwenyewe. Mimi leba nilijifunzia usiku.

Mkufunzi_wa_Vitendo

Nimesimamia wanafunzi wodini kwa muda mrefu, nitaandika kidogo kwa urefu, mnivumilie.

Tobo, hizo 40 ni kweli, lakini idadi ni sakafu. Nimeona mwanafunzi aliyetimiza idadi yote huku kila mara sista ameweka mkono wake juu ya mkono wake. Nimeona mwingine mwenye wachache, kila mmoja alikaa naye tangu uchungu ulipokolea mpaka mtoto akanyonya, na baadaye akaulizwa maswali. Wa pili ndiye ningemwachia chumba. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga, ICM, katika viwango vyake vya elimu linataka angalau nusu ya mafunzo iwe vitendo, lakini nusu hiyo ukiitumia ukutani haikusaidii kitu.

Mwaka 1990 daktari mmoja aitwaye George Miller alichora piramidi ambayo sisi walimu tunaitumia mpaka leo. Chini kabisa ni kujua. Juu yake, kujua jinsi ya kufanya. Kisha kuonyesha unavyofanya, na kileleni ni kufanya kweli, kazini, hakuna anayekutazama na kalamu. Mtihani wa maandishi unapima ngazi mbili za chini. OSCE, ule mtihani wa vituo uliobuniwa Scotland na Ronald Harden na wenzake miaka ya 1970, unapima ya tatu. Ya nne inaonekana wodini tu. Kwa hiyo alama nzuri bila mikono si ajabu hata kidogo, kila ngazi ina namna yake ya kupandwa.

Sasa mikono unaipataje kwenye msongamano? Tabiri, kisha pima. Chukua tumbo la mjamzito kliniki ya wajawazito, mahali ambapo wanafunzi wengi hawapapendi kwa sababu hakuna msisimko. Muombe ruhusa mama, papasa, kisha taja kwa sauti: mgongo wa mtoto uko upande huu, kichwa kiko hapa. Ndipo uweke fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, pale uliposema. Mapigo yakisikika palepale, mikono yako ilisema kweli. Yasiposikika, tumbo limekusahihisha bila mkufunzi kufungua mdomo. Fanya hivyo na kimo cha mfuko wa uzazi. Kisia wiki kwa mkono, halafu weka utepe. Kuanzia kama wiki 20 mpaka 36 sentimita zinakaribiana na wiki. Kliniki moja inaweza kukupa matumbo mengi kuliko leba itakayokupa watoto mwezi mzima, na wala hugombanii nafasi na mtu.

Kupima njia, yaani kuingiza vidole kujua mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, ni tofauti, huko hakuna kurudiarudia. WHO wanapendekeza kila baada ya saa 4 katika hatua ya kwanza uchungu ukishakolea, na kila mkono unaoingia unaongeza hatari ya maambukizi. Kwa hiyo anza na modeli za maabara ya chuo, fumba macho, taja sentimita, fungua uangalie. Wodini ingia pale tu kipimo kilipofika saa yake, mama amekubali na sista anapima pamoja nawe. Sema jibu lako KABLA hajasema lake. Ukimsubiri aseme 6 na wewe ukaitikia 6, hujajifunza.

Damu nayo. Macho hukadiria damu pungufu ya ilivyo, hasa ikiwa nyingi, na mama anaweza kupotea huku chumba kizima kinasema "imetoka kawaida". Pimeni maji yenye rangi, mililita 300, 500, 1000, mwageni kwenye mashuka na pedi, mmoja akisie. Mtashangaa mlivyo mbali.

Kuhusu sentimita 4 na 5. WHO walibadilisha mwaka 2018, wakasema hatua ya uchungu uliokolea ianze kuhesabiwa sentimita 5, na kwamba kumtaka kila mama afunguke sentimita moja kila saa si halisi kwa wanawake wengi. Mwaka 2020 wakatoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu. Vifaa vya wodini huchelewa kufuata. Wewe jaza fomu ya wodi kwa kanuni za fomu hiyo, usichanganye mbili kwenye karatasi moja, maana zamu inayokupokea itapotea. Swali lako lipeleke kwa mkufunzi wa chuo au inchaji akiwa ametulia. Usiliulize juu ya mama anayesukuma, hapo hata mimi ningekufukuza.

Mama_Pacha

Naomba niseme kama mama niliyelala kwenye hicho kitanda. Waliingia wengi, wakapanga mstari, hakuna aliyejitambulisha. Aliyenipima aliongea na mwenzake juu ya mwili wangu kama siko pale. Baadaye akaja mwanafunzi mmoja, akasema jina lake, akasema mimi bado najifunza, nikuguse au nimwite sista? Nilimkubalia yeye, na nilimkatalia mwingine. Mnavyohesabu mliowazalisha, huyo mama naye anahesabu. Mkunga_Mtarajiwa, huo nao ni ujuzi na hauhitaji foleni.

Bibi_Zamu

Mama Pacha umenena. Na anayemuomba mama vizuri ndiye anayeruhusiwa kushika, nimeliona mara nyingi mno.

Mwaka_wa_Tatu

Mimi nimemtangulia mwaka mmoja. Kilichonisaidia ni midoli ya maabara, ambayo wengi wanaiona mchezo. Tunakutana watatu jioni, mmoja mama anayetokwa damu, mmoja mkunga, mmoja ameshika saa. Mtoto asiyelia tunafanya karibu kila wiki: kumkausha, kumsisimua, na kama hapumui ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, iwe inafanya kazi kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mara za mwanzo dakika iliisha tukiwa tunatafuta barakoa ya saizi yake. Matukio haya wodini unaweza usiyaone muhula mzima, na siku yakitokea hakuna atakayekusubiri ukumbuke ukurasa.

Tobo_la_Sindano

Mdoli hautoi jasho wala haukuvuti shati ukilia, bwana.

Mkufunzi_wa_Vitendo

Tobo, Marekani walilijaribu hili. Baraza lao la bodi za uuguzi lilitoa matokeo 2014: vyuo vilivyobadilisha hadi nusu ya saa za wodini kwa mazoezi ya kuigiza havikutoa wauguzi hafifu kuliko wengine. Lakini yalikuwa mazoezi yenye walimu waliofundishwa, na baada ya kila zoezi watu wanakaa kujadili. Mkicheza na mdoli mkaondoka mnacheka, hapo nakubaliana nawe.

Mwaka_wa_Tatu, ongezeni mjadala. Nini kilitokea, nilifikiri nini wakati ule, kwa nini nilichagua vile. Sista wodini anafanya mambo kumi bila kusema hata moja, na mwanafunzi anaona mikono tu. Akimaliza muulize: "Sista, ulijuaje kwamba yule ndiye wa kuanza naye?" Jibu la swali hilo hakuna kitabu kitakachokupa.

Na hofu ya usiku wa peke yako. Patricia Benner, muuguzi mtafiti, alieleza mwaka 1984 ngazi tano za muuguzi, kutoka mwanagenzi mpaka bingwa. Ngazi ya tatu, ya mtu anayeweza kupanga kazi yake na kuimudu, aliiweka kwa aliyekaa kwenye kazi ya aina moja miaka 2 au 3. Maana yake siku unayopokea leseni bado uko chini ya hapo, kama kila aliyekutangulia. Anayekuachia wodi peke yako mwezi wa kwanza ndiye mwenye kosa. Wewe unachotakiwa kukijua siku hiyo ni lini uite mtu na useme nini kwenye simu: hali ilivyo sasa, historia kwa ufupi, ulichopima, unachoomba. Mazoezi ya hilo anza leo, kila unapokabidhi mgonjwa. Anayepiga simu akisema tu "dokta njoo mgonjwa amebadilika" anaulizwa maswali dakika tano.

Mkunga_Mtarajiwa

Shikamoo Bibi, na asanteni wote. Mama Pacha pole sana, na nimekusikia. Kliniki ya wajawazito nimeomba kubadilishiwa, wenzangu wamefurahi kuniachia.

Limebaki moja: nafasi wazi. Daftari lisipojaa siruhusiwi kukaa mtihani wa mwisho. Nisipokubali kusainiwa nitabaki nyuma peke yangu, waliosainiwa watasonga.

Tobo_la_Sindano

Ukweli mchungu huo. Wengi wanakubali kusainiwa kwa sababu hiyo tu.

Mkufunzi_wa_Vitendo

Usisubiri mwisho wa muhula. Wiki hii piga hesabu ya stadi zilizobaki, usilete malalamiko ya jumla. Mwandikie mratibu wa vitendo: nimepangwa wodi fulani wiki kadhaa, stadi hizi nimezifanya chini ya uangalizi, hizi nimeziona tu, hizi sijaziona. Omba wiki za nyongeza au kituo kingine chenye mama wengi. Daftari lenye mapengo mapema ni taarifa kwa chuo kwamba upangaji wao una tatizo. Lililojaa uongo linawaambia kila kitu kiko sawa, na mwakani watapeleka kundi kubwa zaidi palepale.

Kama daftari lenu lina safu ya "ameshuhudia" na ya "amefanya", itumie ya kwanza bila aibu. Halina? Andika pembeni kwa kalamu, mwombe sista asaini hapo. Wengi wanaokubali kusaini uongo watasaini na ukweli, ukiwapelekea umeshaandikwa.

Bibi_Zamu

Na barua uwe na nakala yake, yenye mhuri wa kupokelewa.